Pua Wanayoitaka Kiwandani

Vingunguti, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeiandika kwa adabu zangu zote, ingawa yanayofuata yatakukasirisha. Habari za hapo nyumbani Mollo? Goti lako la kushoto linasemaje na baridi hii? Mahindi mmeshapukuchua, au bado yamelala uani yanangoja mtu wa kuyahurumia? Ulezi nasikia mwaka huu umekubali. Mimi nikisema ni mzima nitakuwa nimeanza na uongo, na uongo uliomo ndani ya barua hii unatosha.

Naandika kwa kuwa simu ya nyumbani inakaa mfukoni mwa Thadei, na ujumbe nikituma mdogo wangu huyo anausoma kabla yako. Hii namkabidhi kondakta wa basi kesho alfajiri, aiache dukani kwa shangazi, Chanji. Isome wewe mwenyewe kwanza, polepole.

Mama, Thadei asije huku.

Najua mmeshafunga begi. Siku ile aliponipigia nilisikia vigelegele vyako nyuma yake. "Broo, bosi wako kanicheki mwenyewe! Anasema nije fasta, kazi yako ile ile." Nikamwambia asije, kazi hii inaua. Akacheka. "Broo, acha wivu basi." Ukachukua simu wewe, ukaniambia, "Nolasco, usimzibie mwenzako riziki." Simu haikukatika kwa mtandao, Mama, niliikata mimi. Tangu nifike mji huu sijaambiwa neno lililoniuma kama lile.

Lakini kosa ni langu pia. Nani aliwatumia picha amevaa ovaroli safi, kasimama kando ya magodoro yaliyopangwa hadi darini? Nani aliyesema kazi yenyewe ni kuchanganya tu? Ngoja sasa nikueleze nilichokuwa nachanganya.

Sponji ya godoro inaanza ikiwa majimaji. Kemikali mbili za mapipa zinamiminwa kwenye sanduku la mbao lenye ukubwa wa kitanda, halafu vinatiwa vichocheo, kidogo tu, vya kupimwa kwa kikombe. Kimoja kinaumua, kingine kinakaza. Bila hivyo vidogo, yale mengi yanajikokota na godoro halisimami. Ukivitia sawasawa, uji ule unapanda mbele ya macho yako hadi kifuani, wa moto, kisha unatulia. Siku ya kwanza nilipouona nilikukumbuka wewe na mtungi wako wa pombe ya ulezi, na kile kimea kidogo unachotia. Nikasema moyoni, kumbe kazi hii naijua.

Hapo ndipo nilipojiponza. Wewe hujawahi kupima kimea kwa kitu chochote. Unajifunika kitenge, unainamia mtungi, unavuta harufu mpaka ndani kabisa, unasema "bado" au unasema "tayari". Na mimi nikafanya hivyo hivyo kwenye pipa la kichocheo cha kuumua. Kinanuka kama dagaa waliooza chooni. Wenzangu wanageuza nyuso, mimi naingiza kichwa. Nikawa najua pipa lipi limekaa sana likapoteza nguvu na lipi limechakachuliwa njiani. Nikisema ongeza nusu kikombe, tunaongeza, na sponji inatoka safi. Bosi akawa analeta wageni waje wanione. "Huyu Mfipa ana pua," anasema, wanacheka, na mimi mjinga nacheka nao. Mzani ulipoharibika hakuutengeneza. Nilipoomba barakoa alisema itanipotezea harufu. Anunue vya nini, na pua anayo?

Pua ile imekufa, Mama. Yalianza macho. Jioni nikitoka kazini kila taa ina duara la bluu, na watu wananijia kama wanatoka ndani ya moshi. Asubuhi inaisha, nikadhani ni uchovu. Kisha kikafuata kifua. Sasa nikipanda ngazi za ofisini natweta kama niliyebeba gunia kutoka bondeni. Daktari aliniuliza nafanya kazi gani, na nilipomwambia aliweka kalamu chini. Alisema kifua kikishaikataa hewa ya kemikali zile hakiizoei tena, hata ikiwa kidogo kitanifunga. Natembea na kipampu cha dawa mfukoni. Ule unga wa ulezi ulionitumia niliufungua nikauinamia, na sikusikia chochote. Nililia peke yangu chumbani, mtu mzima na ndevu zangu.

Bosi alijua siku nilipoharibu. Nilinusa pipa, sikusikia kitu, nikadhani ni dawa iliyokufa, nikaongeza. Nikaongeza tena. Sponji ikapanda kwa fujo, ikapasuka katikati, ikanywea mpaka chini. Alikuja akaitazama, akanitazama mimi. Hakugomba. Laiti angegomba! Alisema kwa upole kabisa, "Nolasco, pua imechoka. Si ulisema nyumbani una mdogo wako?" Nilisema, ndiyo. Niliwahi kujisifu kwamba Thadei ndiye uliyemwamini zaidi kwenye mtungi. Namba yake aliitoa kwenye fomu yangu ya kazi, mahali pa ndugu wa karibu. Mimi akanihamishia chumba cha kukata, nikate sponji mpaka mwenye pua mpya afike.

Nikamwambia bosi kwamba Thadei hatakuja. Akanijibu, "Mwache aseme mwenyewe." Basi Thadei hasikii, wewe hunisikii, na bosi hataki kusikia. Juzi Ijumaa niliingia ofisini kwake nikamwambia Thadei amekufa.

Ndiyo, Mama. Nimesema amegongwa na pikipiki Laela akitoka kuuza mahindi, na kwamba mmeshamzika. Maneno yalitoka mepesi mpaka nikajiogopa. Bosi akasema pole, akarudi kwenye karatasi zake. Wenzangu ndio hawakuishia kwenye pole. Walizima mashine. Ambakisye, yule Mnyakyusa ninayekaa naye chumba kimoja, akaongoza sala, akamtaja mdogo wangu kwa jina apumzike kwa amani, na mimi nimeinamisha kichwa naitikia. Leo misani sikupanga mstari wa komunyo. Kuungama sijaungama, maana padri ataniambia nikaseme ukweli, na ukweli utamleta Thadei huku.

Sasa nisikilize vizuri. Taratibu za makazini unazijua, mfanyakazi akifiwa lazima mwakilishi aende. Nimekataa kwa kila namna, wamesema haiwezekani. Kwa kuwa mimi kifua hakiwezi safari, wamemchagua Ambakisye apeleke rambirambi. Anaondoka Alhamisi, Ijumaa atakuwa hapo kwako. Ni mtu mwema, hana upelelezi wowote, ila hana kifua cha kuweka jambo. Akimwona Thadei, bosi atajua siku hiyo hiyo, atapiga simu, na mtoto wako atapanda basi.

Kwa hiyo ukishaisoma, laini ya Thadei itolewe kwenye simu, na yeye mwenyewe aende Chanji kwa shangazi mpaka mgeni aondoke. Akigoma, mpe barua hii asome yale ya macho na kifua. Aseme tena ni wivu. Ndani tandika mikeka, waite wamama wawili watatu unaowaamini. Ambakisye akiomba kuonyeshwa kaburi, singizia goti.

Msalimie shangazi na umwambie nimemwachia mzigo. Mzee katekista mwombe anisamehe, na tafadhali asiandike misa ya marehemu. Mama yangu wa ubatizo mpe shikamoo yake. Thadei sikumwekea salamu. Huku wenzangu bado wananipa pole, na kwao mtu huyo ameshazikwa.

Najua utaona ni mkosi kumwombolezea mtoto aliye hai. Hata mimi ninaona hivyo. Lakini Ambakisye akishakaa na kukupa mkono, lia, Mama, usipolia hataamini. Machozi ya Thadei yakikataa kuja, nililie mimi. Hayo hutayatafuta.

Mwanao wa kwanza,
Nolasco