Balihesabu Milango, Miye Nikahesabu Mbabula

Bunia, Mudzipela

Yaya Estella,

Nakusalimia na mikono mbili, weye, Shemeki na batoto. Mugongo wa Mama uko namna gani? Aliacha kubeba bidon za maji, ao angali anabisha? Huku mvua imeanza, maharagwe inauzika, mwili hauna neno. Roho njo inachemuka.

Umeniambia bamama ba kwaya bamemuuliza Mama kama ni kweli binti yake alijaza makaratasi ya uongo akikunywa bia. Balisikia kwa redio. Simu inakatika na maneno inapotea, njo maana naandika. Musomee Mama yote, polepole.

Mbele ya uchaguzi, biro moja ya hapa ilitafuta batu ba kuuliza raia batachagua deputé gani, mubunge gani. Balinipatia mutaa wa Mudzipela, juu nimeuzia maharagwe kule miaka tisa. Sheria ya patron wa biro: parseli moja, ni kusema kiwanja na nyumba zake zote, fishi moja ya majibu. Piga hodi kwa mulango, uliza mwenye nyumba, andika, enda.

Lakini unajua namna tunaishi. Mwenye parseli akiketi na mugeni, mulokatere, mupangaji wake, hafungue kinywa. Ni heshima. Anasalimia, anarudi kwake nyuma. Siku ya kwanza baba mumoja alijibia bote: hapa kwake bote bako kwa onorabule wa zamani, deputé aliyeshika kiti. Nikaandika moja. Kumbe nyuma ya nyumba yake mbabula tano, majiko ya makala, zilikuwa zinawaka, kila moja na sufuria yake. Mutu anayepika kwa mbabula yake, huyo ni nyumba. Kulikuwa batu baliokimbia vita ya Djugu, bavuvi ba Tchomia, batu ba kwetu Butembo. Bote na kadi ya kupigia kura, balichukulia hapa hapa.

Nikanunua kaye, daftari ya shule, nikaanza kuhesabu mbabula. Njia moja: parseli ishirini na mbili, mbabula mia moja na tatu. Nikarudia kesho yake kusudi nisijidanganye. Mia moja na tatu. Na bamama, bakipepea makala mbali na mwenye parseli, karibu bote balitaja enfirmiye mumoja, muuguzi, mama asiye na hata bango la kampeni, anayepima batoto babo kwa dispanseri.

Nikapeleka kaye kwa patron. Hakuifungua. Akasema, "Mama Maharagwe, hao ni bageni. Mugeni hapige kura, anangojea kurudi kwabo."

Biro nzima ikacheka. Yaya, miye nilifika hapa na gunia moja, leo niko na depo ya maharagwe. Miye pia ni mugeni? Kidole changu hakikamate wino?

Biro ikatangaza onorabule atapita, ataacha bengine mbali, enfirmiye atakuwa wa tatu. Masanduku ya kura yakafunguliwa: enfirmiye amepita, na Mudzipela njo ilimubeba. Haya ikamushika patron. Pahali pa kusema alikosa, akaingia redio, saa ya habari ya asubui, akasema enketeri, muulizaji wa Mudzipela, alijazia fishi kwa nganda, kule banakunywa bia. Na Mudzipela ilikuwa na enketeri mumoja tu. Hata asiyejua kuhesabu anajua moja ni nani.

Miye niliyetembea mupaka kandambili ikakatika. Miye ambaye bia sijaionja hata siku ya ndoa yangu.

Juma iliyopita akakuja kwa meza yangu, peke yake, sauti chini. Kura ingine inakuja, anataka kaye. Eti tusahau, yalikuwa maneno ya kazi. Nikamaliza kwanza kumupimia muteja, kisha nikamujibu.

"Useme ukweli kwa redio ile ile, saa ile ile, na jina langu ndani. Hapo utaona kaye."

Akasema namuonea. Nikamwambia basi akahesabu milango.

Mupaka leo hajasema, na miye sitangoja kinywa chake. Nimerudi kwa ile njia. Mama wa kila mbabula ameandika jina lake, asiyejua kuandika ameweka kidole. Kurasa hizo nimezifunga ndani ya barua. Mama azipeleke kwaya, bahesabu benyewe, kidole kwa kidole. Bakifika mia moja na tatu, bamuombe Mama pardon. Basiombe miye, baombe Mama.

Nisalimie Shemeki, mudogo wetu fundi wa cherehani, na Tantine aliyenifundisha kupima maharagwe bila kuiba.

Ni miye mudogo wako anayehesabu mara mbili,

Georgette