Waya wa Shaba kwenye Kiti cha Babu

Kwako kaka mkubwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta umesimama vizuri, maana shemeji aliniambia kwenye simu kwamba goti limeanza ukaidi tena na wewe hutaki kusikia habari za daktari. Huku tu wazima. Mama anakula, anagomba, anakuulizia kila asubuhi, kwa hiyo ujue hana neno.

Uliniagiza nipeleke ile picha ya Babu ya vitani ikakuzwe, uitundike kwenye duka lako jipya juu ya kiti chake cha kunyolea, ambacho ningekuletea. Niliipeleka. Unaijua: kamanda amekaa, kafunikwa shuka jeupe, povu hadi masikioni, Babu kasimama na wembe, askari saba nyuma yao wanacheka. Miaka nenda miaka rudi tumewasimulia wateja kwamba Babu alikuwa kinyozi wa jeshi, na kwamba vita vilipokwisha alinunua kiti kipya kabisa kwa zawadi ya kamanda. Na ule mkono wa kushoto wa kiti, uliofungwa waya wa shaba, tumechekeshea watu: ati mteja mnene aliuvunja wiki ya kwanza, Babu akaufunga mwenyewe.

Fundi picha ni mtu wa kuchimba mambo. Alinipa lenzi akaniambia nitazame pale shuka lilipoinuka kidogo. Waya upo, kaka. Mizunguko sita, na ncha imepindwa kwa ndani, ileile inayokwaruza viwiko vya wateja mpaka leo. Kamanda amekalia kiti chetu, barabarani, vita vikiwa bado moto. Nikamrudishia lenzi yake.

Fundi alikuwa ameshaitoa picha kwenye fremu, na ile kadibodi pana iliyoizunguka ilikuwa imeficha sehemu kubwa ya juu na ya chini. Juu kuna mlango uliovunjwa na kibao cha duka: Kinyozi na Wanawe. Ni maneno yaleyale yaliyo juu ya mlango wetu, ambayo umemwagiza mchoraji ayaandike juu ya wako. Siku zote tulidhani hao wana ni Baba na ndugu zake, halafu mimi na wewe. Chini, karibu na buti la Babu, kuna miguu ya watu waliolala. Ni jozi tatu. Moja ina viatu vya mtu mzima, na pindo la koti jeupe la kazi limeiangukia. Mbili ni peku, na si za watu wazima. Kisigino cha Babu kimekanyaga lile pindo, na Babu anacheka.

Hakuchukua kiti tu, alichukua hata jina. Namchukia mtu aliyenifundisha kushika wembe, na chuki hiyo sijui niiweke wapi.

Fundi aliniuliza ni nani aliyeikata kadibodi, maana imekatwa kwa makini sana. Nilimwambia sijui. Kaka, ni mimi. Mwaka ule Baba alipougua, kioo cha picha kilipasuka. Aliniita kitandani, akachora kwa penseli kwenye kadibodi mpya, hapa na hapa, akasema pembeni kuna madoa. Nikashika kisu, na wakati wa kukata niliona. Waya sikuuona, lakini miguu niliiona, na kibao nilikisoma. Nikabandika, nikatundika, nikarudi kwa mteja aliyekuwa akinisubiri kwenye kiti kilekile, nikamchekesha kwa hadithi ya yule mtu mnene. Miaka kumi na moja nimekula kwa kiti hicho huku najua nusu na kukataa kuijua nusu iliyobaki. Uchafu huu si wa Babu peke yake.

Kwa hiyo kiti hakiji. Kibao chetu nimekiteremsha, na wateja nawanyolea kwenye kiti cha jikoni, wanalalamikia migongo. Picha nimeiweka humu, nzima, bila kadibodi. Itazame kabla mchoraji hajapanda ngazi. Mama hajui bado, hilo tutaamua mimi na wewe.

Nisalimie shemeji, na goti ulichunge. Wasalimie na wanao, wote wawili.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeshika kisu.