Mstari Nilioruka

Salma, mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Ibra sote wazima, ila bibi yako kaninyima halwa. Umeniuliza, mlipoigiza skuli huko Kanada mkataba wa wenyeji na serikali, vipi watu walikubali wasichokijua.

Niulize mimi! Tuliporudi Omani kutoka Unguja, kijijini Dima msomaji nilikuwa mimi, na madarasa yangu manne. Mchungaji mmoja mzee aliomba mbuzi wake wanywe kwenye falaji yetu, mfereji wa maji wa kijiji, na kama ilivyo desturi ya mgeni mwenye haja, hakugusa kahawa mpaka tulipokubali. Nikamsomea karatasi ya makubaliano, nikaruka mstari mmoja: "kiangazi hiki tu." Akatia dole gumba, akanywa kahawa.

Mwaka wa pili tukamzuia. Akaniuliza, "Mwanangu, mstari huo ulikuwapo siku ile?"

"Ulikuwapo, ammi. Hukusikia vizuri."

Akaniomba radhi. Yeye, mimi!

Wahadithie wenzako, lakini jina langu usilitaje.

Babu yako