Paa la Migongo Kumi na Moja

Jumatatu, 5 Machi 2018

Paa jingine la kuchukiza. Nyumba ni sebule na vyumba vitatu, paa lina migongo kumi na moja. Kumi na moja! Lishushe chini, nyumba nzima inaingia ndani yake na mbuzi wanapata pa kulala. Ndiyo fasheni siku hizi toka Kasese mpaka Bwera: nyumba kichuguu, kichwani kofia ya askofu.

Mwenyewe ni mama Mkongo, Wivine, mjane, anauza vitenge Mpondwe. Kuta zake zimesimama Bwera tangu mwaka jana, kilichobaki ni paa. Kaja na picha ya nyumba ya tajiri fulani wa Butembo kwenye simu. Anataka ile ile, ila yake iwe na migongo zaidi. Nikamwuliza kwa nini. Eti anataka mutu akiwa kule forodhani aone toit yake, yaani paa. Crispus akacheka, akasema kila kitu kinawezekana. Bosi wangu hajawahi kukataa kazi ambayo mimi ndiye nitaifanya.

Nilimweleza yule mama: pande mbili za paa zikikutana juu, ule ni mgongo. Zikikutana chini ni bonde, na maji yote hukimbilia humo. Migongo mingi, mabonde mengi. Akawa anaitikia oui, oui, macho kwenye picha.

Naandika Kiswahili, kile nilichofunzwa na shangazi wa Mpondwe, ili Jolly asisome. Tunalala chumba kimoja, na yule anasoma hata karatasi za sabuni.

Jumatano, 7 Machi

Hii programu ya kuchorea ramani itaniua. Kuta zikiwa mraba, unabonyeza mara moja tu, paa linajitengeneza lenyewe, safi. Lakini chumba cha nyuma cha huyu mama kina ukuta uliopinda. Crispus alipima mwenyewe, kaandika kwa penseli: urefu mita sita, mwisho wake umekimbia pembeni sentimita sitini. Nikibonyeza, paa linachanika. Pembe moja inachomoza angani kama jino la mbwa. Nimejaribu kuchora upande mmoja mmoja kwa mkono — bado pengo. Masaa matano. Na feni imekufa, na joto la Kasese ndilo hili.

Mafundi walevi, basi. Mtu anaamka na waragi halafu anapanga matofali. Halafu mimi msomi nikae hapa nahangaika na kona ya mlevi.

Ijumaa, 9 Machi

Nimeunyoosha. Nimeuvuta ukuta mpaka ukawa mraba, nikabonyeza, paa likakaa. Migongo yote, hakuna pengo.

Kwenye karatasi ya Crispus, hapo hapo kwenye kona ya nyuma, kulikuwa na kamstatili kadogo ka penseli, hakana neno. Nikadhani ni shimo la choo. Nikakafuta, kalikuwa kananichafulia picha.

Nilimwambia Crispus nimenyoosha ukuta. Hakuinua hata macho kwenye simu. Mafundi watajipanga wenyewe huko saiti, alisema. Tumeprinti picha tatu za rangi, zote za mbele, na anga la buluu na ule mti wa kizungu ambao programu inaupanda kila mahali. Ya nyuma hatukuprinti. Nani anaangalia nyuma?

Jumanne, 13 Machi

Mama Wivine kazibusu zile picha. Kweli, kwa midomo. Wino ukamshika kidevuni. Crispus kapokea sifa zote, kama kawaida.

Mabati yameagizwa, yatakatwa kwa vipimo vya ramani yangu. Mama anataka paa liwe juu kabla ya Jumatatu ya Pasaka, siku ya misa ya kumkumbuka mumewe, Kasereka. Nikasema moyoni: hata marehemu anatumiwa kwa maringo. Watu wananichosha.

Alhamisi, 22 Machi. Bwera

Kosiya, fundi wa kuta na paa, alipiga simu asubuhi: kenchi za nyuma, zile mbao za kubeba mabati, hazikai ukutani, njoo uone. Nikaja nimenuna njia nzima.

Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Si shimo la choo. Ni kaburi. Saruji, msalaba wa chuma, jina la Kasereka na miaka yake. Liko kwenye kona, kati ya nyumba kubwa na kile chumba cha nyuma. Na ule ukuta haukupinda. Ulipindishwa. Kosiya ndiye aliyeupindisha, na Kosiya ni Msabato, hajawahi kuonja hata bia. Marehemu alizikwa pale kabla msingi wa nyuma haujachimbwa, na mjane akakataa nyumba imkanyage mumewe. Kwa hiyo fundi akausogeza ukuta, kwa heshima. Mimi nikaurudisha kwa kidole kimoja.

Kenchi zikikaa kama nilivyochora, paa pamoja na upenu wake litatoka nje ya ukuta mita moja na robo, na lile bonde kubwa la nyuma litaishia juu ya kaburi. Maji ya pande mbili za paa yatatua pale pale, kila mvua. Ile saruji ni nyembamba. Nilimwuliza Kosiya itachukua muda gani. Akasema misimu miwili, halafu udongo unaanza kuzama.

Mama akatuletea chai. Hajui kitu. Akatusimulia walivyokimbia kutoka Beni, yeye na mumewe, wakalala miezi tisa chini ya turubai, maji yakipita katikati ya mkeka. Kasereka akaapa kwamba akipata kwake, hata tone moja halitawagusa tena. Ndiyo maana anataka toit kubwa vile.

Na mimi nilisema kichuguu. Nilisema maringo. Nimejichukia, na sitafuti neno la kulainisha.

Ijumaa, 23 Machi

Nilimwambia Crispus kila kitu. Mabati yameshakatwa, alisema, hayarudi kiwandani. Akajipulizia manukato, akaondoka na gari.

Jioni Kosiya akanipigia. Crispus alifika Bwera akamwambia mjane kwamba ilipangwa hivyo makusudi: paa limfunike na bwana, walale chini ya paa moja, mke ndani na mume nje. Mama akalia kwa furaha. Akasema hajawahi kuona watu wenye roho kama sisi.

Na kanitumia jogoo na kitenge. Mimi! Jogoo amefungwa kwenye mguu wa kitanda changu. Jolly anauliza nimefanya jema gani. Nimeshindwa kula.

Jumanne, 27 Machi

Mvua toka asubuhi. Nimesimama mlangoni naangalia maji yanavyochimba chini ya upenu wetu. Upenu mdogo tu, na tayari kuna shimo.

Kwa mama yangu, kijijini Munkunyu, paa lina pande mbili na mgongo mmoja. Nililionea aibu nilipoanza kusoma.

Kosiya anasema anaweza kulihamisha lile bonde, ila migongo miwili itakufa na mabati yatakuwa na kiraka upande wa nyuma. Paa halitafanana na picha. Na hawezi kuanza bila mwenye nyumba kuambiwa kwa nini. Anangoja neno langu, si la Crispus. Ramani ina jina langu, alisema, Ronah, siyo la mwingine.

Jogoo anawika ovyo. Namchukia na yeye.

Alhamisi, 29 Machi. Bwera

Nimekuja na laptopu na jogoo. Mama kashangaa, zawadi hairudishwi. Nikamwambia nitaeleza. Bado sijaeleza.

Tumekaa sebuleni kwake, juu yetu mbingu tupu na mawingu yanashuka toka mlimani. Kosiya yuko ukutani na nyundo, hapigi. Crispus kapiga simu mara mbili: mwonyeshe mbele tu, uje zako.

Nilipofungua picha ya mbele mama akaisukuma pembeni. Mutoto yangu, ya mbele nilishaiona. Zungusha, nione upande wa bwana yangu.

Programu inafunguka polepole. Nimetoa daftari hili. Anadhani naandika vipimo.

Sasa paa limetokea. Nimelizungusha. Kale kamstatili nimekarudisha jana, mahali pake, na jina nimeandika. Mama kavaa miwani. Ameweka kidole juu kwenye kioo, pale bonde linapoanzia, anakishusha taratibu, anakifuata chini. Kimefika kwenye jina. Kimesimama.

Na maji? anauliza. Maji itapita wapi?

Naandika. Kosiya ameshusha nyundo. Mama hajaondoa kidole.