Makinda wa Dirishani kwa Baba

Mdogo wangu mpenzi, kitindamimba wetu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na huyo mgeni wenu wa miezi miwili, ambaye picha zake nimezitazama mpaka simu imechoka. Macho kayachukua kwa baba, hilo halina ubishi. Mdomo sijui kautoa wapi, labda kwa akina shemeji, nao wataujibia wenyewe. Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri na habari zake zaidi utazikuta mbele.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu anayekupigia simu kila Jumapili. Ukweli ni kwamba jambo hili nimejaribu kukwambia kwa simu mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza mtoto ana kilo ngapi. Najua ulisema moyoni, huyu sista wa wodini hana swali jingine? Kwa hiyo nampa shangazi barua mkononi, maana anakuja kwako Jumamosi, na nimemwapisha asiifungue. Unamjua shangazi. Ukiona bahasha imekunjamana pale kwenye gundi, ujue imeshasomwa.

Na ni yeye shangazi aliyenifanya nishike kalamu. Aliporudi kutoka kwako mara ya mwisho alinieleza, akicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, kwamba humwogeshi mwanao. Anasema mama mkwe wako ndiye anayemwogesha kila asubuhi, nawe unasimama mlangoni umeshika taulo. Anasema unainuka kuangalia komeo la mlango mara tatu, mara nne, na kwamba alipokuuliza una nini, ulimjibu kuwa wewe si mtu wa kuachiwa kitu, hata baba alishasema. Mdogo wangu, wakati ananieleza hayo nilikuwa nakunja mashuka. Nikayakalia. 

Turudi mwaka jana, ile likizo yako ya wiki mbili. Nitaeleza yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu nikiruka kidogo nitaruka na mengine.

Baba alikuwa na miezi mitano tangu kiharusi kimpige. Mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake, maneno yanamtoka mawili matatu, na yote ya hasira. Seremala wa miaka arobaini kazini, mtu aliyekuwa akipiga randa huku anapiga mluzi, akawa wa kulishwa uji kwa kijiko, na mwenye kijiko ni mimi. Mazoezi aliyopangiwa hospitali aliyakataa katakata. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamtisha kwamba hatainuka tena. Akanigeuzia uso ukutani. Ndipo wale ndege shore wenye kishungi wakajenga kiota kwenye kichaka cha maua chini ya dirisha lake.

Wewe ndiye uliyewaona kwanza. Siku ya pili tu ya likizo yako ulimsogezea baba kiti mpaka dirishani. Makinda walikuwa watatu, uchi, midomo mikubwa kuliko vichwa. Baba akaitisha penseli yake ya useremala, akaanza kuchora alama kwenye kibao kila mzazi alipoleta mdudu, na alichora kwa mkono ule ule uliolala! Siku ya kwanza ilikuwa mikwaruzo. Siku ya nne alama zilikuwa zinahesabika. Niliingia jikoni nikalia kwa furaha, na nakiri kulikuwa na wivu pia ndani yake. Miezi mitano ya kelele zangu haikuzaa kitu, wewe kwa siku nne na ndege watatu umemwinua mzee.

Kisha baba akatoa amri yake. Bosi, yule paka wetu mwenye tumbo la mheshimiwa, afungiwe jikoni mpaka makinda waruke, na dhamana ya mlango ni yako. Alikuchagua wewe, hakunichagua mimi. Ulikuwa unafunga komeo, unaondoka, unarudi kulivuta tena, hata nikakutania kwamba umeajiriwa magereza.

Yaliyofuata unayajua, au unadhani unayajua. Ile Alhamisi ulikwenda duka la dawa kumchukulia baba vidonge. Uliporudi ulikuta kiota kiko chini kimechanwachanwa, makinda hawapo, Bosi amekaa pale pale anajilamba, na mlango wa jikoni uko wazi. Baba alikuwa amesimama dirishani ameshika fremu, mara yake ya kwanza kusimama bila mtu. Akakutolea sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema tangu augue: kwamba tangu uzaliwe hujawahi kuachiwa kitu ukakitunza. Ulisema ulifunga. Halafu ukasema unadhani ulifunga. Halafu, mimi nikiwa nakutazama, ukasema labda ulisahau, ukapiga magoti ukamwomba msamaha. Nilikupapasa mgongo nikakwambia nyamaza, hata mimi husahau. Siku mbili baadaye ulifunga begi na likizo yako ilikuwa bado haijaisha. Hujakanyaga hapa tangu siku hiyo, na baba naye aliacha kukutaja.

Sasa sikiliza, maana nikiendelea kujizungusha nitaichana karatasi hii kama nilivyochana mbili zilizotangulia.

Mlango uliufunga. Nilikuwa uani naanika nguo, nikalisikia komeo likiingia, nikakusikia ukirudi kulivuta mara ya pili.

Unakumbuka asubuhi ile upepo ulikuwa umekiinamisha kiota, na kinda mmoja akaanguka kwenye nyasi. Ulisema tumrudishe, tuondoke, wazazi wake watakuja wenyewe. Ukamrudisha, ukakifunga kiota kwenye tawi kwa kipande cha kamba, ukaenda zako dukani. Nilikukubalia kwa mdomo. Moyoni nilisema, huyu wa juzi anifundishe mimi kulea? Mimi ninayeshinda na watoto njiti kila siku ya Mungu, watoto wa kuenea kiganjani? Nikasimama pale kichakani kuangalia. Nusu saa nzima wazazi hawakuja. Kumbe hawaji kwa sababu yangu, nimewasimamia kama mlingoti. Walikuwa juu ya waya, wadudu midomoni, wanahangaika huku na huku wakingoja niondoke, nami nikakata shauri kwamba makinda hawa wametelekezwa. Kiherehere changu unakijua. Baba alikuwa amelala usingizi wa dawa. Nikawaza, akiamka nitamwonyesha makinda watatu waliookolewa na binti yake mkubwa.

Niliwachukua wote watatu nikaingia nao chumbani kwangu. Nikawatengenezea boksi la viatu, pamba, chupa ya maji ya moto iliyoviringwa kitambaa, kila kitu kama wodini. Nikakoroga maziwa, nikayavuta kwa bomba la sindano kama ninavyowalisha watoto wangu, nikampa wa kwanza. Alifungua mdomo, nikasukuma. Maziwa yakamtokea puani, akajinyoosha mara moja, akaisha. Nikasema huyu ndiye aliyeanguka, atakuwa ameumia ndani. Nikampa wa pili. Mdogo wangu, na wa tatu pia nilimpa, yeye nikampa maji matupu, nikidhani maziwa ndiyo yaliyowakaba wenzake. Haikufika robo saa nilikuwa na miili mitatu ya baridi juu ya pamba safi. Nje wazazi wao walikuwa wanaita.

Ningekwenda kwa baba wakati ule nikamwambia, mambo yangeishia pale. Nilichofanya ni hiki. Niliwafunga kwenye gazeti nikawatia kwenye pipa la taka, chini ya maganda ya viazi. Nikaenda nikaikata ile kamba yako, nikakivuta kiota chini, nikakichanachana kwa vidole vyangu hivi. Kisha nikafungua komeo la jikoni, nikambeba Bosi, mzito alivyo, nikamweka chini ya kichaka. Hakutaka hata kukaa. Ilibidi nimkatie kipande cha samaki, ndiyo maana ulimkuta anajilamba. Baba alipoamka na kuuliza ni nani aliyemwachia paka, sikukutaja. Nilisema tu kwamba mlango nimeukuta wazi. Miezi kumi hii nimejishikiza hapo, kwamba mimi sikukutaja. Loo, utetezi gani huo!

Mwezi uliopita jirani yetu mfuga kuku alikuwa akipiga soga nami ukutani. Akanieleza, bila kujua anamwambia nani, kwamba kifaranga hamiminiwi kitu mdomoni. Njia yake ya pumzi iko pale pale nyuma ya ulimi, ukimimina unamzamisha. Alisema kila anayenunua vifaranga kwake huambiwa hilo siku ya kwanza. Nikaitikia ahaa, nikamuaga, nikaingia ndani nikanawa mikono, sijui kwa nini. Na wodini kila mtu akiniita sista hodari, naangalia sakafu.

Jana nilimwambia baba. Nilipiga magoti pale pale ulipopiga wewe, nikamweleza kama nilivyokueleza hapa, pamoja na habari ya samaki. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliniuliza kitu kimoja tu: siku ile ulipokuwa unalia, mimi nilikuwa nimesimama wapi. Nikamjibu kwamba nilikuwa nyuma yako, mkono wangu uko mgongoni mwako. Akanigeuzia uso. Uso wangu mimi sikujua niuweke wapi. Tangu jana uji anakunywa mwenyewe kwa mkono wa kulia, nusu inamwagikia kifuani, na kijiko hataki nikiguse. Jioni alimwita shangazi akamwagiza akwambie kwamba atakuomba radhi kwa kinywa chake mwenyewe, na kwamba ukikawia kuja atapanda gari akufuate, kiharusi na yote.

Mimi sikuombi kitu. Hata msamaha naona haya kuuomba, kwa sababu najijua, ningeuomba ili nipate usingizi. Ukitaka kunikatia simu, nikatie. Ukija nyumbani na hutaki kuniona, mwambie shangazi, nitaomba zamu nishinde kazini mpaka uondoke. Ukitaka kunitukana, njoo unitukane uso kwa uso, nitakaa kwenye kiti nisikilize mpaka mwisho. Kitu kimoja tu nakusihi, usiyaamini tena yale maneno ya baba juu yako. Yalitoka kwenye kinywa chake, lakini mimi ndiye niliyeyapika, na nilikuona ukiyameza.

Nisalimie sana shemeji. Mama mkwe wako mpe shukrani zangu nyingi kwa kumwogesha mtoto miezi miwili hii, na umwambie kwa heshima zote kwamba sasa apumzike. Yule kinda aliyeanguka ulimwokota wewe kwa mikono yako, ukamrudisha kwao bila kumkwaruza, ukakifunga kiota chao vizuri. Angekuwa hai. Basi Jumapili asubuhi, shangazi akiwa hapo anakuangalia, pasha maji, yapime kwa kiwiko, umwogeshe mwanao mwenyewe.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Sista