Kompyuta Yetu Imepona, Mama

Old Moshi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kigoda chako, goti limetulia, na yule mbuzi mkorofi hajala tena mboga za jirani. Mimi ni mzima huku mlimani, ila baridi ya Julai inanilaza na soksi jozi mbili. Ningepiga simu, lakini wewe unaikata kabla sijamaliza salamu, na habari hii nataka uisikie yote. Mjukuu wako akusomee taratibu, asiruke mahali. Mama, kompyuta imepona!

Ile ya mezani, waliyotuletea wanafunzi wa zamani wa shule. Mkuu wetu, Madam Felista, alinikabidhi mimi niitunze kwa sababu nilijisifu kwamba nimesomea kompyuta. Sikumwambia kuwa nilisoma wiki mbili, na moja niliumwa. Kidato cha nne wanajifunzia hapo kuchapa kila siku baada ya vipindi, na wengi hawajawahi kugusa nyingine.

Basi, mwezi uliopita ikaanza kujizima. Unaandika, unaandika, pu! Kioo cheusi. Unaiwasha, inakwenda robo saa, pu! Nikabadilisha soketi, nikabadilisha waya. Nikalaumu umeme, na taa inawaka hapo hapo juu ya kichwa changu. Mwalimu wa hesabu akasema ni virusi, nikahangaika na virusi siku nzima. Pu! Mlinzi akaniambia, "Labda haijakuzoea, Mwalimu. Wewe ni mtu wa kuja."

Jumatatu Madam akaja mwenyewe kuona mitihani ya muhula ninayoichapa. Nikafuta kiti, nikaitengeneza mashine ipendeze. Ukurasa wa kwanza haujaisha, ikazima mbele yake.

"Mwalimu Komba, Ijumaa mitihani isipokuwa mezani kwangu, naipeleka mashine hii shule ya kule chini, wana mtaalamu. Wewe utaandika kwa mkono."

Mwandiko wangu unaujua. Mwaka jana mwanafunzi aliniuliza, "Mwalimu, hili ni swali au ni ramani?" Lakini kilichoniuma si hicho. Wanafunzi walikuwa mlangoni wakisubiri zamu zao, wakasikia. Waliondoka, hakuna hata mmoja aliyenitania.

Jumatano nikalifunga lile boksi lenye mashine yenyewe, nikashuka nalo mjini, Pasua, kwa fundi Shabani. Akaliwasha. Saa moja, saa mbili, saa tatu, linakwenda tu.

"Mwalimu, hii nzima. Labda wewe ndiye unayejizima."

Nikaona aibu, nikaanza kulifunga nirudi nalo. Fundi akaruka. "Ngoja! Hicho nini?"

"Kitambaa. Mama amenifumia."

"Unaifunika saa ngapi?"

"Muda wote. Kule juu kuna ukungu, fundi. Baridi."

Mama, yule mtu alicheka mpaka akakaa chini. "Umeivalisha sweta! Hii inataka kupoa, wewe unaikanda!" Akanionyesha matundu ya kupumulia ambayo nilikuwa nayaziba. Ndani kuna feni. Joto likizidi, mashine inajizima yenyewe isije ikaungua. Akaifungua, na kwenye feni akavuta uzi. Uzi wa kijani, mrefu kama mkono wangu.

Ndiyo, kile kile chenye maua, ulichonitumia kwa basi mwezi uliopita. Usianze kulia! Kosa ni langu. Lakini na wewe Mama, umenilea vipi? Redio yetu sijawahi kuiona uchi hata siku moja, na televisheni ya mjomba inavuliwa nguo saa ya taarifa ya habari tu. Ningejuaje? Na Jumatatu, kwa heshima ya Madam, nilikuwa nimekikunja mara mbili!

Alhamisi nikachapa toka asubuhi hadi saa kumi, kila mara naipapasa ubavuni kama mtoto mwenye homa. Haikuzima. Wanafunzi walisikia mlio wa printa wakaja mbio, wakajazana dirishani wakishangilia kama mpira umeingia golini, nami nikawafukuza maana ile ni mitihani yao.

Ijumaa asubuhi nikaiweka mitihani mezani kwa Madam.

"Ilikuwa nini?"

Nilikuwa nimeshajiandaa kusema umeme. Ukweli ukanitoka wote, mpaka na uzi. Madam akanitazama. Kisha akainuka polepole, akakivua kitambaa cha waridi kilichofunika printa yake mwenyewe, akakikunja, akakitia kwenye droo.

"Mashine inabaki," akasema. "Na haya yaishie humu humu."

Kwa hiyo usimwambie mtu, isipokuwa dada anayekutunza hapo, kwa sababu najua hutaweza. Msalimie sana, na mjomba wa televisheni, na baba mdogo katekista, mwambie bado nasali. Kitambaa chako hakijapata hasara: nakuandikia nimejitanda nacho mabegani, na huyu anayekivaa sasa hana feni.

Ni mimi mwanao, mtaalamu wa wiki mbili,
Komba