Kura ya Tatu

Wifi yangu Devotha,

Huku Kinole hatujambo, ila mvua imeangusha migomba. Mwalimu unayeniandikia, andika na migomba! Wifi, ile sheria ya bao letu la watatu, kwamba anayeshinda anatunga sheria na wawili wakikubali inapita, kaka yako bado anaishika kama msahafu. Jana nimemfunga, nikatunga: anayefungwa aende hospitali. Akacheka: "Mama Angelina, kura moja dhidi ya moja, sheria imeanguka." Na kile kidonda chake cha sukari kimeshaufanya mguu mweusi mpaka gotini, unanuka. Nimelia, nimempigia magoti, ananiambia sheria ni sheria. Wa tatu ni wewe. Usingoje Jumapili yako ya kuja kucheza, wifi. Panda uje kesho asubuhi upige kura, kumbeba nitambeba mwenyewe.

Wifi yako niliyechoka kushinda,
Mama Angelina